Panya Zenye Zilipona na Ushuhuda Wangu wa Beu

Nyinyi benye munabakia na panya kule kilimani Butembo, ninajua munaniitaka Papa Ushuhuda. Mulifikiri sisikii. Meno njo yalienda, masikio bado iko. Ile hadithi ya kanisa munaicheka wakati wa kuosha nyumba za panya, na kila mwaka inazaa. Ya mwisho nilisikia ni kama nilisimama mbele ya pasta na panya mu mufuko wa koti. Sikubeba panya. Ingekuwa heri ningebeba. Batu wangeiona na macho, wangeuliza maulizo, mimi ningejibu, na leo nisingeandika hii na haya namna hii.

Dokta Kavugho, mukubwa wa labo, ile maabara yetu, njo aliniomba niandike, siku nilirudisha bluzi nyeupe ya kazi, kwenda kupumuzika. Alisema: "Papa Kambale, bale bapya hawajui namna tulianza. Andika vile unasemaka." Bon. Mimi ni mutu wa darasa ya tatu. Ya ine haikuniona, ju mwalimu wetu alienda Eringeti kulima kakao, pengine yeye bado iko mu mustari wa mwisho wa kakao. Donc mutanisamehe. Mambo ya kupanda ngazi na mushahara sitaandika. Ya kwanza haikunipata, na ya pili haikukawia mu mufuko.

Niliingia mu hii kazi kwa mulango wa simbiliki, zile nyama ndogo za kufuga, sawa panya bila mukia. Munajua kwetu Banande jikoni bila simbiliki ni jikoni yenye huzuni. Mimi nilikuwa nazo nyingi, zinapita chini ya kitanda na katikati ya masufuria, na batu walikuwa wanatoka mbali kuja kutafuta dume kwangu. Papa Floribert akasikia. Huyu alikuwa Muluba wa Kasai, serikali ilimutuma huku zamani kama infirmier, muuguzi, akasahau kurudi. Alikuwa na kofia moja ya sufu, anaivaa hata jua ikiwaka, na alikuwa anaita kila mutu petit, yaani mudogo, hata bazee benye wamemuzidi miaka. Alikuwa anatafuta mutu mwenye haogopi nyama ndogo. Njo yeye alinifundisha kila kitu, na kama kuna kitu sikujua vizuri, kosa haikutoka kwake.

Siku ya kwanza nilikuja na mufungo wa majani mabichi ku kichwa, ju nani anaenda kutunza nyama bila majani? Nikakuta panya nyeupe, macho mekundu, zinalala mu nyumba za plastiki zenye tunaita kaje, zinakula kitu kama biskuti. Niliangalia zaidi. Zilikuwa nene. Nikauliza kwa heshima:

"Papa, hizi munazikulaka na ugali wa bundu ao na ndizi?"

Papa Floribert alikaa chini kabisa, akacheka mpaka kofia ikamufunika macho. "Petit, ukikula moja ya hizi, umekula masomo yote ya Dokta. Tutakufuata mpaka mu tumbo."

Nilisikia haya, lakini ile ilikuwa haya ndogo, ya kuoga na kuisha. Bibi yangu nilimuambia niko sentineli. Akanusa shati.

"Sentineli wa wapi mwenye ananuka mikojo ya panya?"

"Niko nalinda fasi yenye panya."

"Na panya haziogopi mulinzi?"

Ilichukua muda mbele nimuambie kwamba mutu mukubwa kama mimi, baba ya batoto, ninaamka kwenda kubadilishia panya matandiko. Yeye alisema tu: "Kwangu haujaosha hata sahani." Tulikaa na ile maneno kama juma moja.

Sasa namna ya kushika. Ninyi bapya munashikaka panya kama munakamata mwizi. Papa Floribert alikuwa anasema: shika kama yai ya jirani. Yaani si kwa upendo sana, na si kwa nguvu. Kwa ile woga ya kurudisha kitu ya mwenyewe. Sabuni ya harufu hapana. Radio ya mupira hapana. Usibadilishe koti kila siku, ju panya inakusoma na pua, na ukija na harufu mupya inafikiri mutu mwingine amekuja kuiua. Na panya yenye woga inadanganya. Inafanya vile haikutaka kufanya, na Dokta anaandika uongo bila kujua. Hii nilijifunza vizuri sana kwa panya. Kwa batu nilichelewa.

Niseme kazi yenyewe, na niiseme yote mpaka mwisho, ju shida ilizaliwa pale nilisema nusu.

Mu ubongo kuna fasi moja ndogo yenye selile, yaani seli, zinatoa kitu kama mafuta ya mashini. Bila ile mafuta, mutu anaambia mukono "nyamaza," mukono inakataa. Anaambia muguu "twende," muguu inabaki. Uso inakuwa kama ya mutu mwenye amekasirika, kumbe hakukasirika. Ni ugonjwa wa Parkinson. Dokta Kavugho alisoma hii ng'ambo, akarudi kwao Butembo na roho moja: kuotesha selile mupya, zile tunaita neroni, na kuzipandikiza fasi ya zile zilikufa. Selile zilikuwa zinafika zimegandishwa mu pipa ya baridi yenye inatoa moshi. Kisha zinawekwa mu couveuse, sawa ile ya batoto benye wamezaliwa mbele ya wakati, na tunazibadilishia maji yao ya rangi ya waridi kila siku, hata Noeli. Mara ya kwanza grupe, mashini ya umeme, ilizimika ju mazout yake haikupanda na barabara, selile zote zikafa. Dokta alilia mu choo ju tusione. Sisi tukapiga kelele na ndoo ju asijue tunasikia.

Mais panya haipatake Parkinson peke yake. Panya inazeeka, inakufa, inaisha. Donc sisi njo tunaileta ugonjwa. Dokta anailaza na dawa, anafungua tundu ndogo sana ku mufupa wa kichwa, anaingiza sindano nyembamba kama unywele, anaweka sumu upande moja ya ubongo. Yeye anasema toxine, ni neno safi. Kwetu mutu mwenye anatia mwenzake kitu mu chai, munajua namna tunamuita. Na mimi njo nilikuwa ninashika ile panya mbele ilale, ju ilikuwa imenizoea.

Inaamka imepinda. Mukono moja haikamate biskuti tena. Tunaitia mu beseni ya plastiki, ya soko, ya kuogesha mutoto, tunaipiga dawa ya kuichangamusha, inaanza kuzunguka, kuzunguka upande moja tu, kama mbuzi yenye kamba imefungwa ku muti. Tunahesabu. Kiisha inakuja sindano ya pili, yenye neroni. Na kila siku dawa ya kutuliza mwili, ju mwili wa panya ni kama mitaa ya quartier zetu: mutu mugeni akiingia bila kujulikana, wanamufukuza na mawe. Tunangoja. Miezi inapita. Hakuna kitu. Papa Floribert anasema: "Shamba haiulizwe kila asubuhi."

Na siku moja nikatia panya mu beseni, nikapiga dawa, na yenyewe haikuzunguka, ikakaa. Ikajikuna. Ikaangalia juu, kama inaniuliza nangoja nini. Nikamuita Papa Floribert. Akavua kofia, njo siku moja tu niliona kichwa yake. Tukaipa biskuti. Ikaikamata na mikono miwili.

Dokta Kavugho hapana mutu wa kucheka. Siku ile aliinama juu ya beseni, akabakia pale, kiisha akatuma sukre, soda ya chupa, kwa kila mutu, hata kwa mutu wa grupe.

Zilipona nyingine pia. Hapana zote, mais nyingine.

Na mwisho, bapya, munaujua. Panya yenye imepona inalazwa na dawa, na hatuiamshi. Tunatoa ubongo, unakatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, Dokta anaangalia na mikroskopi kama neroni zimeota na zimeshikana na zingine. Bila vile haujui nini iliponesha. Mimi nilijua hii tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa ninazipeleka na mikono yangu mu kile chumba kingine. Ninataka mukumbuke kwamba nilijua.

Sasa Yaya Masika, dada yangu mukubwa.

Mama yetu alikufa ningali mudogo. Masika, mutoto wa kwanza, njo alinilea. Wakati wa kukimbia vita alinibeba ku mugongo, na nilikuwa nimepita ukubwa wa kubebwa, miguu yangu ilikuwa inamupiga ku magoti. Aliolewa Beni, mu commune ya Beu, alikuwa anakaanga mikate ya mafuta ku soko. Siku moja mukono wake wa kuume ukaanza kutetemeka juu ya mafuta ya moto. Bamoja ba jamaa wakasema ni mutu wa soko alimutia kitu. Yeye akasema: "Mutu wa soko angenitia kitu, angeanza na mikate," akaenda hospitali. Wakamuambia ni Parkinson. Wakamupa vidonge. Ilimusaidia. Si kupona, mais alikuwa anafunga vifungo vyake, anaenda soko, anatukana batu vizuri.

Miezi ile panya zilipona, nilishuka Beni kumuona. Jumapili tukaenda kanisa yake. Kule Beu munajua desturi: mbele ya mahubiri, pasta anauliza nani iko na ushuhuda. Na mugeni kutoka mbali akibaki kwa kiti, batu wanafikiri Mungu hajamufanyia kitu. Mumoja anasimama anasema alipita barabara ya Oicha na akafika bila kupigwa risasi. Mumoja anasema mutoto wake mwenye alipotea amepigia simu. Vitu vikubwa, vya kulia. Mimi miaka yote nilikuwa ninakaa. Ningesema nini? Mungu amenijalia panya zimenona?

Siku ile Yaya alikuwa pembeni yangu, mukono wake unapiga benchi, to-to-to, na alikuwa anaukalia ju usisikike. Nikasimama bila kujua nimesimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Nikasema: kule Butembo, mu kazi yetu, tuko na nyama zenye zilipatwa na ugonjwa wa Parkinson, sawa huu wa dada yangu, na leo zimepona. Zimesimama sawasawa. Zinakula na mikono miwili. Mimi njo ninazilisha, nimeona na macho yangu.

Kanisa ikaamka. Bamama ba korali wakapiga vigelegele, mumoja akatoa kitenge akamufunga Yaya ku mabega akicheza. Pasta akauliza: "Na batu, papa?" Nikajibu: "Tunaomba Mungu." Na batu wote wakaitika Amina kubwa kuliko ya kwanza.

Ndugu zangu, hakuna neno moja ya uongo pale. Munaweza kulipima. "Zilipatwa na ugonjwa," nilisema. Sikusema zilipatwa kutoka kwetu. "Zimepona," nilisema. Sikusema juma yenye inafuata zinaenda mu kile chumba kingine. Nilikaa chini, na kwa mara ya kwanza mu maisha batu walinipa mukono kama mutu wa maana. Ilikuwa tamu. Yaya alinitazama kama siku nilianza kutembea.

Bamama ba korali wakaamua kufunga kila Ijumaa juu ya Masika, bila kukula, mpaka siku yake ifike kule kwetu.

Nyuma ya miezi miwili nikarudi Beu. Nikakuta Yaya amekunjika, anatembea kama mutu mwenye anatafuta sindano chini. Vidonge vilikuwa ku rafu, pembeni ya chumvi, vimejaa vumbi.

"Yaya, haunywe dawa?"

"Ya nini? Mutu mwenye anangojea nyama hapana kushiba na majani ya sombe."

"Mais Yaya, dokta wa hospitali alisema..."

"Dokta wa hospitali alisema hakuna kupona. Weye ulisema kuna. Nani ndugu yangu, yeye ao weye?"

Kwetu mutoto wa nyuma haambie mukubwa wake hapana mu uso. Unasema "tutaona," unakunywa chai, unaomba njia. Nikasema tutaona. Nikakunywa chai. Nikaomba njia. Mu gari mpaka Butembo nilikuwa nahesabu milima ju nisifikiri. Alikuwa anaharibika ju yangu, na alikuwa anashukuru Mungu ju yangu, vyote pamoja.

Kisha bagonjwa wakaanza kufika ku mulango wa labo. Wa kwanza alikuwa muzee wa Oicha. Alikuja ku pikipiki, amefungwa na kitenge katikati ya shofere na kijana wake, ju asianguke. Kijana akamusimamisha chini, akamupanguza mate, akanisalimia Kinande, akaniambia:

"Wavukire, papa. Tumekuja kwa ile sindano ya panya."

Dokta Kavugho akashuka. "Nani aliwaambia kuna sindano?"

"Papa mumoja alishuhudia kule Beu, mu kanisa."

Dokta alinigeukia. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alisema: "Papa Kambale, waambie wewe."

"Bado," nikasema.

Kijana akauliza: "Bado ya kesho ao bado ya mwaka?"

"Sijui. Bado ya sana."

Akaangalia barabara yenye walipita. Ninyi munajua ile barabara. Akainama, akaanza kumufunga baba yake tena na kitenge. Na ule muzee, na uso wake mugumu, akanyosha mukono wenye kutetemeka akanipa, akasema: "Wasingya." Alinishukuru. Ingekuwa alinitemea mate ningelala.

Walikuja bengine, hata wa Eringeti. Kila mara Dokta aliniita mimi niwaambie, na alikuwa na haki. Njo nikajifunza kitu chenye ninawaachia, pamoja na yai ya jirani: mutu wa inje akiwauliza juu ya kazi yetu, anzeni na mwisho. Anzeni na kile chumba kingine. Kama bado anataka kusikia, mumuambie biskuti na mikono miwili.

Papa Floribert alikuwa amezeeka, anakuja tu kutusalimia na kukaa karibu na couveuse ju ya joto. Akaniuliza: "Petit, dada yako anajua ile panya ya mikono miwili iko wapi?"

"Hapana."

"Anafikiri iko inakula?"

Nikaanza kufunga kaje yenye ilikuwa imefungwa.

"Eh, petit. Unamuacha anangoja nyuma ya maiti."

Kesho yake nikaomba ruhusa, nikashuka Beni.

Nilimukuta jikoni anachagua maharagi, na mukono unayamwaga kuliko kuchagua. Nikakaa chini, nikaanza kuchagua naye, ju uso wangu uwe na fasi ya kuangalia.

"Yaya, nilikuambia nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya panya. Ule ugonjwa, sisi njo tunazitia. Na sindano. Mimi ninashika, Dokta anatia sumu."

Aliacha maharagi. "Panya zilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa."

"Na weye ulizishika."

"Ndiyo."

"Bon. Mais munazitoa ugonjwa nyuma."

"Zingine."

"Kama ile ya mikono miwili. Ile nataka kuiona. Hata kesho nitapanda gari, utanifunga na kitenge kama bale bazee nilisikia wanapanda kwenu."

"Haiko tena, Yaya."

"Ilikufa?"

"Tuliiua."

"Ilikosa nini?"

"Haikukosa. Ilitakiwa tuone ndani ya kichwa."

Simbiliki yake moja ilikuja kuchukua haragi yenye ilianguka, akaiacha ichukue.

"Na mulikuta nini ndani?"

"Neroni. Zilikuwa zimeota. Zilishika mizizi."

"Donc dawa ni ya kweli."

"Ni ya kweli kwa panya. Kwa batu, Dokta anasema kule ng'ambo wameanza kujaribu, batu kidogo sana. Huku bado. Yaya, sijui kama itakukuta."

"Itanikuta ao haitanikuta?"

Mu maisha yangu yote sikuwahi kumuambia hapana. "Haitakukuta."

Nilingoja anilaani. Mukubwa mwenye alikubeba akikulaani, hakuna labo ya kuitoa. Yeye alifikiri kwanza, kiisha akasema na hasira kubwa:

"Kambale! Bamama wanafunga Ijumaa juu yangu! Mama Kahindo wa korali iko na sukari mu damu, Ijumaa yenye ilipita alianguka ku fasi ya kuteka maji!" Akajaribu kusimama, akashindwa, nikamuinua. "Leta vile vidonge. Futa vumbi kwanza. Mais Jumapili utakuja na mimi, utakaa mbele."

Nilikaa mbele. Vidonge vilikuwa havijamurudia vizuri, ilibidi bamama wawili wamusimamishe. Pasta aliuliza nani iko na ushuhuda, na sauti ya Yaya, yenye ilikuwa ndogo siku zile, ilitoka tu kidogo, kanisa yote ikanyamaza ju isikie.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Ndugu yangu hakuwadanganya. Panya zilipona. Mais mbele zipone, wao njo walizitia ugonjwa. Na nyuma ya kupona, walizitoa kichwa. Mimi ugonjwa sikutiwa na mutu, na kichwa yangu bado ninaitaka. Donc bamama, Ijumaa mukule."

Walicheka, ninyi! Kanisa yote, mpaka mupiga ngoma. Mama Kahindo alicheka akilia. Na mu kile kicheko niliona bengine benye hawakucheka: mumoja mwenye alikuwa na baba nyumbani, mumoja mwenye bibi yake alikuwa amekaa pembeni yake, mikono mu mapaja, inacheza. Hao waliniangalia tu. Pasta akaniambia nisimame.

"Papa, ni kweli?"

"Ni vile Yaya amesema."

"Na ile siku ulijua yote haya?"

"Nilijua."

Nilibakia nimesimama, sikujua kama nikae. Mukubwa wa korali akaanzisha wimbo, ju ya huruma nafikiri, na nilikaa chini ya ule wimbo kama mutu mwenye anajificha mvua.

Ibada ikaisha. Nilitaka nitoke wa mwisho, batu waende. Yaya akanishika koti.

"Unangoja nani? Nani ananirudisha nyumbani?"

Tukatoka wa kwanza, mimi na yeye, mu njia ya katikati, pole pole. Tukafika ku mulango, na pale ku kizingiti miguu yake ikakataa. Ugonjwa ule haupende mulango. Alisukuma, kichwa kikaenda mbele, viatu vikabaki chini kama vimepigwa musumari. Nyuma yetu kanisa yote ilikuwa imesimama, bamama, batoto, pasta na Biblia yake, ule mwenye bibi yake anatetemeka, wote wanangoja tupite. Nilisikia jua mbele na macho yao nyuma.

"Yaya, nikubebe?"

"Weye? Na mugongo gani? Leta muguu."

"Muguu gani?"

"Wako. Weka chini hapa mbele ya wangu, ukate njia, kama kijiti. Nikipata kitu cha kuruka, ninapitaka."

Nikaweka kiatu changu mbele ya vyake. Alikiangalia muda murefu. Akainua muguu, akajaribu kuruka, akakanyaga vidole vyangu na uzito wake wote, akapita. Nikatangulia hatua moja, nikaweka muguu tena.